Ua la Selpha Halisogezwi

Mmea wa kwanza Selpha Amolo aliuua kwa maji, na hana haya kulisema. Aliuleta nyumbani Jumapili moja, na kufikia Jumapili ya tatu ulikuwa umegeuka uji mweusi ndani ya mkebe wa rangi. Kila jioni aliutilia kikombe kizima, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa Ugenya, ambako kitu kilichopandwa ni lazima kinyweshwe, na usipokinywesha watu huanza kuuliza wewe ni mtu wa aina gani.

Ilibaki ncha moja tu, ndefu kama kidole cha kati, ambayo weusi haukuwa umeifikia. Selpha aliikata kwa wembe, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia kiumbe yeyote aliyempenda: aliiacha. Aliilaza juu ya kabati bila udongo na bila tone la maji, majuma mawili mazima, mpaka kidonda cha wembe kikakauka na kufanya ngozi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipanda juu ya stuli kuitazama. Kila asubuhi mkono ulimwasha kuitilia maji, na kila asubuhi akajizuia.

Mmea wenyewe alikuwa ameupata nje ya Isinya. Kampuni fulani ya kuuza viwanja iliwabeba waumini wa kanisa lake kwenda kuonyeshwa ardhi, wakapewa soda na vijitabu vyenye picha za nyumba ambazo hazikuwapo. Selpha hakuwa na haja ya kiwanja. Alitaka kutoka tu. Wenzake walipokuwa wakiulizana habari za stima na barabara, yeye alitembea hadi kwenye vichaka ambavyo trekta lilikuwa halijavifyeka. Chini ya kichaka kimoja cha miiba akaona mashina manene yenye pembe tano, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yametambaa ardhini huku kingo zake zikiwa na meno kama ya msumeno. Hayakuwa na jani hata moja.

Mwanamume aliyekuwa akishika kamba ya kupimia viwanja alimkuta ameinama pale. Jina lake lilikuwa Koinet, na vichaka vile vilikuwa vya baba yake hadi mwezi uliotangulia.

"Supa, yeyo," akamwamkia kwa Kimaasai.

"Ipa," Selpha akajibu. Miaka mingi ya Kitengela ilikuwa imemfunza hata hilo. "Hii inaitwa aje?"

"Sisi tunapita tu. Hata mbuzi haitaki." Akafikiri kidogo. "Lakini siku ikitoa maua, utasimama."

"Inatoa lini?"

"Ikipenda."

Trekta likaanza kunguruma upande wa pili. Koinet alitazama lilikokuwa, akatoa kisu kiunoni na kumkatia kipande bila kuombwa. Kabla ya basi kuondoka, kichaka kile hakikuwapo tena.

Miaka sita imepita tangu siku hiyo, na katika miaka hiyo sita Selpha alijifunza kila kitu upya. Alijifunza kwamba udongo mweusi wa Kitengela, ule unaokung'ang'ania viatu mvua ikinyesha, ni kaburi kwa mmea kama huo, kwa hiyo alikwenda kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa akaomba vumbi la kokoto na mchanga wa mto, akavichekecha kwa chujio la chai. Maji ya bomba la ploti anapopanga nayo yana chumvi hadi birika linaota magamba, basi akawa anakinga maji ya mvua kwenye mtungi wa plastiki na kuyatumia kidogo kidogo, mara moja kwa majuma matatu. Baridi ya Julai ikiingia, hakuutilia hata tone. Chungu chake kilikuwa sufuria kuukuu aliyoitoboa matundu kwa msumari.

Macho ya kazi hiyo alikuwa nayo tayari. Mchana Selpha ni mkaguzi katika kiwanda cha suruali za jinzi kule Athi River. Kazi yake ni kutazama mishono, pea baada ya pea, na kuirudisha kwa fundi suruali yenye uzi uliolegea. Mtu aliyetazama mishono kwa miaka kumi na mmoja hawezi kupitwa na mdudu mweupe aliyejificha katikati ya pembe za shina. Alikuwa akiwachomoa mmoja mmoja kwa kijiti cha meno kilichochovywa kwenye spiriti.

Majirani walimcheka, ila si kwa ubaya. Ploti ile ya Noonkopir ina vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, safu mbili, na nyumba ya mawe ya mwenye ploti mbele karibu na geti. Wanawake wote wa pale wana majina ya watoto wao: Mama Brayo, Mama Melvin, Mama Sheryl. Selpha hana mtoto, basi akaitwa Selpha wa Saba, kwa namba ya mlango wake. Jina hilo hakulichukia. Alilolichukia ni kuulizwa, "Na hiyo miiba yako inazaa nini?" Hilo aliulizwa mara nyingi kupita kiasi.

Ndipo mwaka huu, juma la kwanza la Novemba, akaona tumba. Lilikuwa dogo kama punje ya kunde, limejibandika ubavuni mwa shina. Baada ya siku nane likawa kama limau dogo lenye pembe tano. Selpha alilitazama asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, akilala akaliwaza, na kiwandani akapitisha mshono mbovu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikuwa na furaha ya kitoto, na alijua hivyo, na hakujali.

Jumatano akaja mwenye ploti.

Rahab, au Mama Cate kama wapangaji wote wanavyomwita, si mtu mbaya. Ni mwanamke wa kutoka Nyeri aliyejenga vile vyumba kwa jasho lake mwenyewe, na kwa hiyo anajua kila tofali lilipo. Siku hiyo alikuwa na daftari mkononi na kalamu nyuma ya sikio.

"Selpha, Jumamosi niko na wageni," akasema. "Watu ya kijana ya Cate wanakuja kwa ruracio. Unajua vile inakuanga, wakikuja kuongea mahari wanaangalia mpaka choo. Nataka hii veranda yote ikae wazi. Viatu, jiko, ndoo, na hiyo sufuria yako. Kila kitu itoke."

"Vingine nitatoa, Mama Cate. Hiyo sufuria siwezi."

"Ati nini?"

"Iko na tumba. Ikitolewa hapo, ama hata ikigeuzwa tu upande ya jua, inaangusha. Nimeingoja miaka sita."

Rahab aliinama akatazama. Aliona kitu cha miiba ndani ya sufuria iliyotoboka.

"Si unasogeza tu kidogo," akasema kwa upole. "Iweke huko nyuma kwa matangi. Ni kwa muda tu. Jumapili unairudisha."

Hapa ni lazima kueleza jambo, la sivyo msomaji atadhani Selpha ni mkaidi wa kuzaliwa. Hakuwa hivyo. Katika ujana wake alikuwa mtu wa kusogea. Alipoolewa na Odero, alikuwa mkewe wa kwanza, na kwa Waluo mke wa kwanza ni mikayi. Nyumba yake ndiyo inayosimama katikati ya boma, na haihamishwi. Miaka minne ikapita bila mtoto. Siku moja mama mkwe akamjia na sauti laini, akamwambia kuna mgeni atafika, na mgeni hawezi kulala jikoni. Je, Selpha anaweza kusogea kidogo ampishe chumba? Ni kwa muda tu. Selpha akakunja shuka zake akasogea. Mgeni alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyekuja na sanduku. Alizaa kabla mwaka haujaisha, na Selpha alikuwa bado jikoni, akimchemshia uji. Alikaa humo miezi minane akingoja muda uishe. Kisha akafunga begi moja akapanda basi la Nairobi. Muda huo haujaisha hadi leo, na una miaka ishirini na mbili.

Rahab hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa amesema maneno ya kawaida tu, kama anavyoyasema mtu yeyote mwenye wageni. Lakini Selpha aliyasikia kwa sauti ya mama mkwe.

"Sisogezi," akasema.

"Selpha!"

"Fagia, osha, paka rangi ukitaka. Mimi nitakusaidia kupiga deki. Lakini hiyo sufuria inakaa hapo."

Wapangaji hubishana na Rahab kuhusu maji na taka, lakini hakuna aliyewahi kumwambia "sisogezi" kwenye veranda yake mwenyewe. Akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka.

Ijumaa jioni akatumwa Kiama. Kiama ndiye mlinzi na fundi wa ploti, mtu mpole anayeogopa pande zote mbili.

"Auntie, nimeambiwa nibebe hii kitu," akasema huku akijikuna kisogo.

"Umeambiwa na nani?"

"Si unajua."

"Basi enda umwambie ulinipata nimekaa."

Na kweli alikuwa amekaa, juu ya kigoda, mgongo kwenye ukuta, sufuria kando ya goti lake. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekaa tena palepale, amejifunga leso, kikombe cha chai mkononi. Veranda nzima ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Sufuria ilisimama peke yake.

Jambo moja Selpha alilijua ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amelisoma kwenye simu, kwa watu wanaopanda mimea kama ule, kwamba ua lake halinukii. Linanuka. Hutegemea nzi, si nyuki, na nzi huitwa kwa harufu wanayoipenda. Lakini aliyeandika hivyo alisema harufu ni hafifu, mpaka uinamishe pua. Labda lake lilipandwa kivulini. Lile la Selpha lilikuwa limesubiri miaka sita kwenye jua la Kitengela, na halikuwa na mpango wa kunong'ona.

Saa moja na nusu Githongo mwenye bucha alileta nyama. Githongo ni mtu mwenye fahari na kazi yake, anayevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku za mvua, na kila Ijumaa humpimia Selpha robo ya matumbo na kumwongezea kipande bila kusema. Alikuwa amechinja mbuzi wanne alfajiri. Wanawake wa kanisa waliokuja kupika, wakiongozwa na mama mmoja mnene aitwaye Tabitha, walitafuta mahali penye kivuli pa kuweka mabeseni. Kivuli pekee wakati huo kilikuwa kwenye veranda ya safu ya Selpha. Wakayapanga hapo, wakayafunika kwa leso, hatua tatu kutoka kwenye sufuria yake, wakaenda kumenya viazi.

Kwenye saa nne tumba likafunguka.

Selpha aliliona likifunguka, na kwa muda hakuona kitu kingine. Pembe tano zilijitenga taratibu, moja, halafu nyingine, halafu tatu zilizobaki kwa pamoja. Ndani mlikuwa na rangi ya maziwa yaliyochachuka, imejaa madoa ya rangi ya damu iliyokauka, madogo katikati na makubwa ukielekea ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa na nywele za zambarau zilizotikisika hata pasipo upepo. Lilikuwa pana kama kiganja chake chote. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametazama vitambaa vinavyopita mezani, na hakuwahi kuona kilichochapwa vizuri namna ile. Alilia. Alifuta machozi kwa leso, akaliangalia tena, akalia tena.

Harufu ikamfikia mwishowe, na hata yeye alirudisha kichwa nyuma. Ilikuwa ya mnyama aliyekufa mtaroni, siku ya tatu.

Nzi wa kijani walikuja kutoka kusikojulikana.

"Mungu wangu," akasema Tabitha, aliyekuwa amerudi kuchukua nyama. Aliinua leso ya beseni la kwanza, akavuta pumzi, akaiachia kama imemchoma. "Mama Cate! Kuja uone! Hii nyama imeoza!"

Wote wakaja mbio. Kila aliyeinamia beseni alivuta pumzi na kuipata ile harufu, kwa sababu pale ulipotia pua ndipo ulipoisikia, na macho yalikuwa juu ya nyama. Nzi wenyewe walikuwa ushahidi. Hakuna aliyetazama sufuria iliyotoboka. Mwanamke wa Kikuyu aliyesimama mbele ya mbuzi wanne siku ya ruracio hana macho ya kutazama maua. Rahab alishika kichwa kwa mikono miwili. Wageni walikuwa wamepiga simu kutoka Mlolongo, karibu kufika.

Githongo aliitwa akaja na pikipiki, koti lake jeupe likipepea.

"Unanilishia wageni mzoga?" Rahab akampokea kwa kelele. "Siku ya mtoto wangu? Githongo, mimi nimekununulia miaka ngapi?"

"Mama, hii nimechinja leo asubuhi! Muhuri ya daktari hii hapa!"

"Nusa basi! Nusa!"

Githongo alinusa. Uso wake ukabadilika rangi. Akanusa tena, akaishika nyama, akaibinya kwa kidole, na kidole kilimwambia jambo moja na pua ikamwambia lingine. Mtu aliyechinja maisha yake yote akaiachilia mikono ikaning'inia. Wapangaji walikuwa wametoka wote milangoni. Mmoja alishainua simu anarekodi.

"Kiama," Rahab akasema, "beba hii yote utupie mbwa. Na wewe Githongo, watu wa afya nitawaita mimi mwenyewe. Hiyo bucha utafunga."

Selpha alikuwa kwenye kigoda chake, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Alielewa kila kitu kabla yao wote. Akinyamaza, ua liko salama. Harufu imeshapata wa kulaumiwa, nyama itatupwa, wageni watapewa kuku, na mtu hatamkumbuka. Akisema, wote watageuka, na sufuria itatoka nje ya geti kabla hajamaliza sentensi. Alimtazama Githongo. Aliona mikono yake ilivyoning'inia. Alijua mikono hiyo. Hivyo ndivyo mikono yake mwenyewe ilivyoning'inia jikoni kwa mama mkwe, siku alipoambiwa kosa la kukosa mtoto ni lake.

Alikasirika. Alikasirikia ua kwa kunuka, akajikasirikia kwa kusitasita, akasimama.

"Weka hiyo beseni chini, Kiama," akasema. "Nyama haina makosa. Ni ua langu inanuka."

Wakamtazama kama aliyerukwa na akili.

"Kujeni mnuse."

Tabitha alikuja kwanza, kwa mashaka. Akainama juu ya sufuria, akaruka nyuma akilitaja jina la Yesu. Mama Brayo akaja, akaruka. Mpangaji mwenye simu akaja nayo, akakohoa. Githongo alikuja mwisho. Alitia pua yake ndani kabisa ya lile ua, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayenusa supu, akainua kichwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya veranda. Machozi yalimtoka. "Ni maua!" alisema. "Ni maua, jamani! Ni maua!"

Rahab hakucheka.

"Kiama, toa hiyo kitu nje. Sasa hivi."

Kiama akapiga hatua moja. Selpha akasimama mbele ya sufuria. Si mwanamke mkubwa. Kiama angeweza kumwinua yeye na mmea wake pamoja. Lakini alimkazia macho, na Kiama akagundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa.

"Selpha, ni siku moja," Rahab akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba, jambo lililokuwa gumu zaidi kulikabili kuliko kelele. "Ni mtoto wangu. Nakuomba. Sogeza tu, kwa muda."

"Mama Cate, mimi nilisogea mara moja. Niliambiwa vile vile, kwa muda. Nilikuwa mikayi, mke wa kwanza, na nikasogea nikaenda jikoni ndio mwingine aingie kwa kitanda yangu. Nilinyamaza. Hakuna mtu alinirudisha. Hii maua inakaa wazi siku tatu peke yake. Ikisogezwa inajifunga na haifunguki tena, na mimi sijui kama nitaona ingine. Cate namtakia mema. Nitamwoshea vyombo vyote leo mpaka jioni. Lakini sisogei na haisogei. Mwenye anataka kuitoa, apitie hapa."

Mahali fulani kuku alitaga na kujitangaza.

Aliyejibu ni Githongo, ambaye alikuwa amepata uhai upya na alitaka kuutumia. "Na hiyo maua ikikaa, kuna shida gani?" akauliza. "Upepo inatoka huko uwanjani inaenda hivi. Si tusogeze sisi? Nyama si inabebwa tu na mikono? Hema ya wageni tunapeleka upande ile ingine ya nyumba ya mawe, sufuria za kupikia pia. Hapa hakuna mtu atafika."

"Wageni watapitia wapi?" Rahab akauliza.

"Geti ndogo ya upande ule."

Rahab alitazama saa yake. Alimtazama Selpha kwa muda mrefu, na usimwone kama aliyelainika. Alikuwa akipiga hesabu ya dakika. "Haya," akasema. "Beba."

Basi wakasogea. Waliyabeba mabeseni, wakang'oa hema na vigingi vyake, wakahamisha mawe ya mafiga yaliyokwisha kushika moto, kuni zikitoa moshi mikononi mwa watu. Viti mia moja na ishirini vya plastiki vilipita mbele ya mlango namba saba, juu ya vichwa, kila aliyebeba akiwa amekunja pua. Githongo mwenyewe alibeba mapaja mawili ya mbuzi begani na kulichafua koti lake. Kila mtu katika ploti ile alisogea siku hiyo, isipokuwa Selpha Amolo na sufuria yake.

Wageni wakaingia kwa nyimbo kupitia geti dogo na hawakujua lolote. Selpha aliwasikia tu. Alisimama kwenye meza ya vyombo kama alivyoahidi, mikono ndani ya povu hadi kwenye viwiko, akirudi kila baada ya nusu saa kuliangalia ua lake. Saa tisa Cate mwenyewe alikuja akinyatia, amevaa gauni la kitenge na shanga shingoni, viatu mkononi. Alichungulia, akaziba pua, akachungulia tena.

"Auntie, inanuka vibaya sana," akasema. "Lakini waah. Ni noma."

Akapiga picha tatu, akakimbia kurudi kwa wageni wake kabla mama yake hajagundua kwamba hayupo.

Jumapili ua likakaa wazi. Jumatatu Selpha aliporudi kutoka kazini lilikuwa limeanza kujikunja, pembe moja baada ya nyingine, na nzi wamekwenda zao. Alivuta kigoda akakaa nalo. Kulikuwa bado na jua. Alikuwa na kijiti chake cha meno na kichupa cha spiriti, akikagua shina kutoka juu hadi chini kama anavyokagua mshono, ndipo Kiama akaja na bahasha.

Ilikuwa notisi, iliyochapwa kwa kompyuta, na sahihi ya Rahab chini. Ilisema mpangaji wa nyumba namba saba aondoe mmea unaoleta uvundo na usumbufu kwa wapangaji wengine, au ahame ifikapo mwisho wa mwezi.

Selpha aliisoma yote. Aliisoma mara ya pili, kwa jicho la kazini, akaona neno moja limekosewa herufi, akalizungushia mduara kwa kalamu ya Kiama. Hakuogopa. Alishangaa kidogo kujikuta haogopi. Alitafuta ile hofu ya zamani kifuani akaikosa. Akaikunja karatasi na kumrudishia.

"Auntie, nimwambie nini?" Kiama akauliza.

Selpha alikuwa ameinama tena juu ya sufuria. Chini ya shina, upande wa ukuta, mahali ambapo jicho la mtu mwingine lisingefika, kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya kunde. Alikigusa kwa upole, kwa ncha ya kidole.

"Mwambie nimesoma," akasema. "Mwambie nyumba sitoki na mmea haitoki, akitaka, tupatane kortini. Na umwambie mapema, asikuje kusema sikumwambia: kuna ingine inakuja."